Aliyeitika kwa Jina Langu

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Veronika,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta kikohozi kimekuachia, na goti la mama limepoa kwa kuwa mvua zimekatika. Na shemeji je, bado amewanunia viongozi kwa kuhamishiwa kijiji kipya na mianzi yake ya kugema ulanzi kubaki kule juu? Mwambie kununa hakujengi nyumba. Mimi sina homa, nakula ninachopata, nalala ninapoweza. Lakini amani sina, dada, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Tafadhali usiisome barua hii mbele ya watu. Baba alikupeleka shule mpaka darasa la nne ili usitegemee mdomo wa mtu, basi leo itumie shule hiyo. Kaa peke yako, isome mpaka mwisho, ndipo ufungue mdomo.

Barua yako niliipata. Umeniambia Mama Simoni, jirani yetu, amekataa kabisa kijiji kipya. Kila akipelekwa, anarudi kwenye nyumba yake ya zamani ingawa nusu ya paa imeng'olewa, kwa sababu Simoni akirudi kutoka Zambia atamtafuta pale pale alipomwacha. Umesema analala humo na baridi hii ya Kilolo, na umeniomba nimtafute Simoni nimwambie aje amchukue mama yake kabla hajamkosa. Sehemu hiyo nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo.

Simoni hayuko Zambia. Hajawahi kwenda Zambia. Ni mimi niliyesema hivyo, na yale mablanketi niliyokuwa nikimletea mama yake wakati wa Krismasi, nikisema ametuma Simoni, niliyanunua mimi. Subiri, dada, usiikunje barua. Nitakueleza yote.

Unakumbuka mwaka aliofariki baba. Nilikuwa kambi ya kuvunja kokoto za barabara karibu na Nyololo, na Simoni alikuwa amenifuata huko kutafuta kazi, hajapata. Kila mfanyakazi alivaa kibati cha namba shingoni, na asubuhi nyapara aliita majina. Asiyeitika siku tatu alifutwa. Kwa hiyo sisi wa kambini tulikuwa na mtindo wetu. Mtu akipata msiba, alimwachia rafiki kibati, na yule rafiki aliitika "nipo" kwa jina lake na kufanya kazi yake mpaka mwenyewe arudi. Nyapara alijua, akafumba macho, maana alichotaka ni mikono itimie. Habari ya baba ilipofika, nilivua kibati changu nikamvika Simoni. Nilimwambia siku nne tu. Lakini unajua mwenyewe, kwetu mtu hamziki baba yake akaondoka matanga hayajaanuliwa. Nikakaa siku kumi na moja. Siku ya tisa jiwe liliporomoka machimboni likamkuta Simoni chini.

Niliporudi hakuna aliyenisalimia. Wenzangu walitazama viatu vyao. Kaburi lilikuwa bado bichi, na kwenye msalaba wa mbao walikuwa wameandika kwa lami: Benitho Lukas. Wakubwa wa kampuni waliandika kufuatana na kibati, na wenzangu waliojua ukweli walinyamaza, kwa sababu kila mmoja alishawahi kushikiwa kibati chake. Nilisoma jina langu nimesimama juu ya mtu mwingine. Nyapara akanishika mkono akanipeleka nyuma ya ghala, akasema, "Ukisema, mimi nafungwa na wewe unafungwa. Rafiki yako hafufuki. Jina lako limekwenda, chukua la kwake." Akaniandikisha upya, Simoni Filipo. Sitakudanganya kwamba nililazimishwa. Niliogopa jela, na zaidi ya jela niliogopa kumtazama Mama Simoni usoni nikimwambia mwanawe amekufa.

Wakanihamishia karakana yao ya hapa Mbeya. Miaka minne nimeitwa Simoni. Na miaka yote minne, asubuhi jina likiitwa, kabla sijafungua mdomo nilisikia mtu nyuma yangu akiitika "nipo," kwa ile sauti yake iliyokwaruza kidogo, unaikumbuka, alivyokuwa akituita tukachote maji. Nikigeuka, hakuna mtu. Wenzangu waliniona mzito wa masikio, wakanitania nipeleke masikio gereji. Mama ananilaumu kila mara kwamba nimekuwa kapera mzee. Nioe kwa jina la nani, dada? Msichana wa watu aje aitwe mke wa marehemu?

Sasa barabara imekwisha na karakana imefungwa. Tumeachishwa kazi sote, tukapewa karatasi ya shukrani. Hapa mjini kuna ofisi inayomrudishia mtu aliyepoteza kazi ile akiba iliyokuwa ikikatwa kwenye mshahara wake. Sina kitu, na kodi ya chumba hainisubiri, kwa hiyo nikaenda.

Nimeona dharau maishani, lakini dharau ya ile kaunta ilikuwa ya aina yake. Karani ni kijana mdogo wa kumzaa, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, viatu vya raizoni vyenye soli nene, anakula maandazi juu ya karatasi za watu. Neno "ndugu" ambalo kila mtu analitumia siku hizi, kwake halipo. Anaita, "Wewe koti bovu, sogea," "Wewe mama usiyeoga, subiri." Siku ya kwanza mbele yangu alikuwepo mzee wa Kisafwa, akavua kofia akamsalimia kwa adabu. Karani akamwambia, "Salamu hazigongwi mhuri, mzee. Karatasi iko wapi?" Mzee akatabasamu kwa aibu kama aliyekosea yeye. Tulishinda pale mpaka jioni, dirisha likafungwa, tukaambiwa tusiwaambukize watu umaskini wetu, turudi kesho.

Siku ya pili nikafika dirishani. Akafungua faili, hakunitazama.

"Jina?"

"Simoni Filipo."

"Jina la baba?"

Nikasema, "Lukas."

Dada, jina la mzee Filipo nalijua tangu sijaota meno. Mdomo wenyewe ulikataa. Karani akainua uso kwa mara ya kwanza, akafurahi kweli kweli. "Hapa pameandikwa Filipo. Jitu zima hulijui jina la baba ako? Au ni mama ako ndiye hakujua?" Benchi zima likacheka. "Nenda kamuulize vizuri, uje kesho."

Nilitembea mpaka nyumbani uso unawaka. Kilichoniuma si tusi lake. Niliikumbuka sura ya baba kwenye jeneza, nikaona kwamba miaka minne nimemkana, na siku niliyomtaja ndiyo siku niliyochekwa. Hata hivyo njaa haina haya. Mchana ule wote nilikaa kitandani nikijifunza kama mtoto wa katekisimu: Filipo, baba yangu ni Filipo. Barua yako ilikuwa chini ya mto. Nilikuwa nimekusudia kuichukua ile akiba kwa jina la Simoni, nikulipie wewe dawa ya kikohozi, nimnunulie mama yake blanketi lingine, na uongo uendelee.

Siku ya tatu karani akapaza sauti. "Simoni Filipo! Yule asiye na baba, yuko wapi?"

Nikasikia nyuma yangu, "Nipo."

Niligeuka. Palikuwa na ukuta uliopakwa rangi ya kijani, basi. Nilielewa kwamba ataendelea kuitika mahali pangu maisha yangu yote, kwa sababu mimi ndiye niliyemwomba aitike na sikuwahi kurudi kumwambia imetosha.

Nikasimama, nikasema, "Hayupo."

"Nani hayupo?"

"Simoni. Amekufa, huu mwaka wa nne. Mimi ni Benitho Lukas."

Karani akapekua daftari lingine, kidole kikishuka polepole, halafu akapiga meza. "Benitho Lukas naye kafa! Kumbe mmekufa wote wawili. Jamani, maiti wamekuja kudai, sogeeni, wasije wakanuka hapa." Wakacheka, ingawa wachache kuliko jana. Akaendelea, "Na huyo Simoni naye mjinga gani, kufa kwa jina la kuazima?"

Nikaweka mikono yote miwili juu ya kaunta ili aone haishiki kitu. Nikamwambia, "Ndugu karani, mimi niite mwongo, niite mwizi, sitakujibu, maana ni kweli. Lakini huyu alikufa akifanya kazi yangu ili mimi nimzike baba yangu. Huyu usimcheke mbele yangu." Sikupiga kelele. Yule mzee wa Kisafwa akainuka kwenye benchi, akaja akasimama kando yangu na kofia yake mkononi. Kicheko kikakatika, na karani akawa anatazama maandazi yake.

Msimamizi wao, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha ndani. Akamwamuru karani atuombe radhi, mimi na yule mzee. Akaomba, pole ya midomoni, lakini aliomba, na alisema "ndugu." Mama yule akaniketisha kwenye kiti, nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Akasema akiba ya miaka yangu ya kwanza inaweza kurudi iwapo kijiji kitathibitisha kwamba niko hai, na iliyokatwa kwa jina la Simoni itakwenda kwa mama yake. Lakini kwanza lazima pawe na karatasi inayosema aliyezikwa Nyololo ni nani, na ibebe alama ya dole gumba la mzazi wake.

Akaniuliza, "Mzazi wake anajua?"

Nikatikisa kichwa. Akavua miwani akaifuta kwa khanga muda mrefu. "Basi, mwanangu, kazi yako haiko hapa."

Alinipa ile fomu, nikamrudishia. Nikienda kwa Mama Simoni na fomu mkononi atadhani nimefuata dole lake, na ninaogopa kwamba atakuwa anadhani sawa. Siku ya kwanza naja mikono mitupu. Mambo ya ofisi yatangoja, nimeshazoea kungoja. Ukoo wao ukinidai fidia, nitatoa. Akinilaani, nitasikiliza mpaka amalize. Akitaka kaburi, nitampeleka mwenyewe mpaka Nyololo, nimbebe mgongoni ikibidi, na ule msalaba tutauandika jina la mwenyewe mbele ya macho yake.

Nitapanda basi Alhamisi, Ijumaa niko hapo Mungu akipenda. Naogopa, dada. Nasema wazi, naogopa kuliko siku niliyouona ule msalaba. Tangu siku ile ofisini sijaisikia tena ile sauti, na kimya chake kinanitisha zaidi, kama mtu aliyetangulia kunisubiri mahali.

Wewe na shemeji nawaombeni kitu kimoja. Msimlazimishe tena Mama Simoni kuhama kabla sijafika. Shemeji aache kununa siku mbili, apande na mafungu ya nyasi azibe upande ule wa paa ulio wazi, na kuni za kutosha ziwepo. Mama yetu usimwambie bado, nataka asikie kwangu.

Nisalimie mama sana, na umwambie nakula. Nisalimie mjomba seremala, na shangazi anayeuza ulanzi, nimemkumbuka ingawa vikombe vyake ni vidogo. Nisalimie katekista, mwambie nitahitaji kuzungumza naye. Shemeji nimeshamsalimia kwa kumpa kazi.

Na Mama Simoni mpelekee salamu wewe mwenyewe, kwa mguu, usimtume mtu. Mwambie Benitho anakuja Ijumaa. Atakuuliza naja na nani. Usimdanganye, dada, nimemdanganya mimi vya kutosha. Usimjibu kitu. Kaa tu karibu naye, na usiondoke.

Mdogo wako,
Benitho