Kuta Zilikuwa Zinakunywa Mvuke

Shoga, uko? Dada yangu amevunjika moyo leo, sijapata kumwona hivi.

Unakijua kile chumba chake cha plastiki pale maabara, anachojaza mvuke wa rangi ya mbao apime vumbi laini ambalo mvuke huo huligeuka hewani. Miaka minne! Leo fundi mpya akamuuliza tu, "Na kuta hazinywi mvuke?" Dada akacheka, lakini wakajaribu.

Wakakisafisha, wakajaza hewa safi, wakakipasha joto. Mvuke ukaanza kutoka kwenye kuta. Chumba kitupu, shoga. Kitupu!

Kumbe muda wote kuta zilikuwa zinakunywa mvuke kabla haujawa vumbi. Vumbi la kweli ni kama mara tatu ya aliloandika.

Na ndiye aliyemwambia baba, "Wewe paka rangi tu, vumbi lake dogo." Baba akaendelea kupaka fanicha zake, madirisha ya karakana yamefungwa. Kifua chake sasa unakijua.

Dada akampigia simu palepale, analia. "Baba, nilikosea vipimo. Nilikudanganya bila kujua."

Baba akakohoa weee, kisha akasema, "Hukujua, mama. Umekula?"

Umekula! Hakumlaumu hata kidogo. Hapo ndipo dada alipokaa sakafuni, na mpaka sasa nimeshindwa kumwinua.