Van ya Halya Inavuja

Winnipeg, 12 Januari 1991

Mdogo wangu Halya,

Kwa heshima zote, na kofia mkononi, natangaza kwamba timu yangu ya kusukuma mawe kwenye barafu imeshika nafasi ya saba. Timu zilikuwa saba. Habari za huko? Mama anaendeleaje na mashine ya figo? Sisi wazima, ila kiuno changu kinazeeka haraka kuliko mwenyewe. Na van yako je? Tangu niiguse siku ya Krismasi yetu ya tarehe saba, bado inadondosha oili kwenye theluji ya uwanja wa padri? Najua imekoma. Usinishukuru sana.

Kaka yako,
Orest

Dauphin, 19 Januari

Kaka Orest,

Salamu. Sisi si wazima. Alhamisi nilikuwa nampeleka Mama hospitali, baridi nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri, taa ya oili ikawaka kilomita kumi na mbili kabla ya mji. Nikazima injini. Oili yote ilikuwa imemwagika barabarani. Tulikaa dakika hamsini mpaka lori la maziwa likapita. Vidole viwili vya mguu wa Mama vimeganda kwa baridi, vimekuwa vyeusi.

Ni Bohdan! Si yeye aliyebadilisha oili Novemba? Nimemfuata gereji, nikamwambia mbele ya wateja, "Mzee, umekaribia kumuua mama yangu!" Akajibu, "Binti, mimi sikuiacha hivyo." Binti! Nimebamiza mlango wake hadi kioo kikapasuka. Wewe unayejua magari, niambie: nimekosea?

Mdogo wako,
Halya

Winnipeg, 2 Februari

Mdogo wangu,

Pole, na pole kwa Mama. Nimechelewa, nyumba nzima ilikuwa na mafua. Van ya mwaka sabini na nne sili zake, ile mipira ya kuzuia oili, zimekauka kama ngozi ya kiatu, na baridi inazikaza zaidi. Tia oili nyepesi ya majira ya baridi. Chomeka hita ya injini kila jioni, weka kadibodi mbele ya rejeta. Na usiishie safari za kanisani tu. Injini isipopata moto wa kutosha, mvuke huganda ndani. Kuhusu Bohdan, wazee huchoka. Usimwandame.

Kaka yako,
Orest

Dauphin, 16 Februari

Kaka,

Hujambo. Mama wamemkata vidole.

Sikukuomba somo la kadibodi! Nilikuuliza swali. Nimemtangaza Bohdan kanisani na dukani, watu wamehamishia magari yao kwingine, siku tatu kwa wiki hafungui gereji. Jana alikuja hapa bila kuitwa, akalala chini ya van kwenye theluji, mtu wa miaka sabini na moja. Akatoka uso umebadilika.

"Muulize kaka yako."

"Nimuulize nini?"

"We muulize tu."

Nasubiri. Simu usipige, nitakutukana.

Halya

Winnipeg, 21 Februari

Halya,

Zipokee salamu zangu kama unaweza. Kwetu hakuna aliyeumwa mafua.

Siku ya Krismasi wanaume walisimama nje ya kanisa wakilicheka lile doa la oili. Nikasema nitalimaliza. Bohdan akaniambia, "Liache, Orest. Hilo linatoka kwenye bomba la injini kupumulia. Afadhali lidondoshe." Wote wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Walipoingia kula, nililala chini ya van, nikalijaza bomba kitambaa, nikalifunga kwa waya. Matone yakakoma. Nikaingia kula nikitamba.

Injini ikikosa pa kupumulia, presha hutafuta pengine. Iliisukuma sili ya nyuma mpaka ikatoka. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, na nilijua kabla sijafika kwenye vidole. Kisha nikakaa wiki mbili nikitafuta cha kuandika, nikaandika habari za kadibodi, na nikamwacha mzee wa watu abebe lawama.

Leo nimemwandikia Bohdan maneno haya haya. Jumapili nitakuja huko niyaseme kanisani kwa sauti.

Mama usimwambie. Simfichi. Nataka ayasikie kutoka kwangu, nikiwa nimeketi mbele ya miguu yake.

Kaka yako,
Orest