Sufuria ya Maziwa na Ndevu za Mzee

Baba watoto,

Viazi vimeiva, vipashe tu. ~~Sufuria yangu ya maziwa irudi jikoni leo hii!~~ Hapana, nimefuta hilo.

Asubuhi nilikuja kukugombeza kwa ajili yake, nikakwama mlangoni. Kumbe umeitia maji ya moto, ukalikalisha humo bakuli la povu lisipoe, unamnyoa mzee wako. Tangu augue, povu la baridi likimgusa anaruka, hataki tena. Leo kakuinulia kidevu mwenyewe, macho kafumba. Na mkono huohuo unaonivunjia vikombe kila wiki haukutetereka hata chembe!

Nikarudi kinyumenyume.

Sufuria ni yenu sasa. Maziwa nitajua pa kuchemshia.

Mkeo

Nikizeeka, kumbuka: hata mimi baridi siipendi.