Kazi Uliyofanya Angani

15 Machi

Mama yangu,

Chiriku ameruka sasa hivi kutoka juu ya kiti, sufuria kichwani. Amehesabu kumi, tisa, nane, sita, akaruka, akatua kwa makalio, akasema "Bibi ameshafika," halafu akaanza kunigombeza mimi kwamba sakafu ni ngumu. Nimeanza na yeye kabla ya salamu, nisamehe. Shikamoo Mama. Miguu inaendeleaje? Huko kwenye kambi ya mazoezi wanakupa nafasi ya kuinyoosha? Sisi wazima. Baba Chiriku yuko safarini na lori, jino lake limetulia. Mimi kikohozi kimeniacha, ila unga wa kiwanda cha mikate unaujua, hauishi puani.

Barua yako imenifika jana. Nimeisoma nimesimama kwenye ngazi, nikashindwa kupanda. Mama, unataka kuwarudishia nafasi yao! Wauguzi, madaktari, watu wa maabara, wote waliandika majina kwenye ile bahati nasibu ya kampuni ya safari za angani, na jina likatoka lako, mhudumu wa Wodi Namba Tatu. Leo unaniambia unaona haya kuvaa koti lililoandikwa "Mwanaanga" mgongoni, kwa sababu unachojua wewe ni kupiga deki na kugeuza wagonjwa.

Mama, hilo koti hukulishona wewe. Wamelishona wao.

Najua sina elimu ya kukubishia. Niliishia kidato cha pili, mimba ikafika kabla ya mtihani. Lakini siku Chiriku anazaliwa, nilipolia kwamba siwezi, sijui inavyofanywa, uliniambia nini? Uliniambia, "Mwanangu, hapo ulipofika hakuna aliyesomea, sukuma." Basi na mimi nakwambia hivyo hivyo.

Ningekupigia simu nikulilie vizuri, ila ndiyo hivyo wamezikusanya simu zenu, wanaogopa picha za chombo chao zisije zikatoka. Niandikie upesi. Usiondoke hapo kambini kabla sijapata jibu.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa kikohozi kupona. Jifunge kitambaa puani, usingoje nikukumbushe kila barua. Miguu yangu inavimba jioni, asubuhi inasahau. Mpe Chiriku busu, na mtandikie godoro chini kabla hajavunja kiuno.

Sijaondoka. Nilishafunga sanduku, nikaenda kumuaga Nahodha, ndiye rubani wetu. Huyo mama ana umri kama wangu. Alisomea uanaanga ujanani, akafanya mazoezi miaka ishirini na mbili akingoja serikali impandishe, chombo hakikuondoka hata siku moja. Wakafunga idara. Sasa kampuni imemwajiri atupeleke sisi, dakika kumi na moja kwenda na kurudi. Tunashuka, tunapigwa picha, tunaitwa wanaanga, yeye anabaki anakagua matairi. Ndiyo maana nikaona haya, umenielewa? Nikimtazama naona nimekalia kiti cha mtu.

Nikamwambia hivyo hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, uso haucheki. Nikamuuliza, "Nahodha, niambie kweli, moyoni mwako unatuitaje?"

"Kilo," akasema.

"Kilo?"

"Napiga hesabu ya uzito kabla ya safari. Wewe ni kilo sitini na nane. Ukiondoka leo itabidi nipige hesabu upya, na nimechoka. Rudi kitandani."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Basi mwanangu, nakwenda. Nakwenda kama kilo sitini na nane, hapo simdanganyi mtu.

Tuko wanne. Kuna mume na mke wameoana juzi, hawaachani mikono hata wakila. Na kuna bwana mmoja mfanyabiashara wa mabati ya kuezekea, mwenyewe anataka aitwe Bwana Mabati. Huyo ameshachapisha kadi mia tano zenye jina lake na chini yake "Mwanaanga", na bado hajapanda hata ngazi. Amenipa moja. Ni mtu mwema, ila sauti yake ingetosha watu watatu.

Kumbe koti ni zawadi ya kampuni tu. Jina lenyewe linatolewa na kamati ya serikali, pamoja na beji ya mabawa. Ukirudi unajaza fomu: kazi uliyofanya angani ikasaidia usalama wa safari. Kama hukufanya kazi, wewe ni abiria, unapewa cheti na chai. Nahodha anasema tangu aanze kupeleka watu, kamati haijampa beji abiria hata mmoja. Bwana Mabati anasema yeye atakuwa wa kwanza, anajifunza kusoma mitambo.

Tunaondoka tarehe kumi na sita. Niombee, na usimtishe mtoto.

Mama yako

3 Aprili

Mama,

Shikamoo. Chiriku amemaliza kupiga vibao vya upendo kwenye bahasha yako na hii karatasi, ndiyo maana ina alama za vidole, alikuwa anakula mkate wenye jamu. Sisi wazima, wewe je? Moyo unakwenda sawa?

Leo fupi, zamu yangu inaanza. Kiwandani wote wanajua. Fundi wa tanuri ameniuliza, "Mama yako akishuka, tumwite mwanaanga au mhudumu?" Nikamwambia amwite shikamoo kwanza. Wenzangu wakamzomea mpaka akarudi kwenye moto wake.

Lakini Mama, nikwambie ukweli wangu. Nataka upate hiyo beji. Wewe sema kilo, mimi nataka mabawa. Miaka thelathini umebeba mabeseni ya watu, ukipita hata hawakusalimii. Nataka siku moja wasimame. Kama kuna swichi ya kubonyeza huko juu, bonyeza na wewe.

Natania. Usibonyeze kitu. Rudi tu.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Nimerudi kambini, simu bado wamezishika mpaka sherehe ipite. Mzima, hata mkwaruzo sina. Ninyi hamjambo?

Dakika kumi na moja, chini ya muda wa kuchemsha chai ya wodi nzima. Chombo kilipiga kelele kama mbingu inapasuliwa, kifua kikagandamizwa, halafu kimya, na mikono yangu ikainuka yenyewe kama si yangu. Dirishani nilichungulia mara moja. Nikaona bluu imepinda kama ukingo wa beseni, na juu yake weusi ambao sijawahi kuuona popote. Nikasema "Ee Mungu wangu." Halafu basi.

Utauliza kwa nini mara moja tu. Nilikuwa na shughuli. Kuna mtu hakujisikia vizuri. Nani na alikuwaje, usiniulize. Wewe umekulia kwenye kazi hii, unajua ya kitandani hayavuki mlango wa wodi, na sijaona palipoandikwa kwamba ukifika angani hiyo sheria inakoma.

Kwa hiyo fomu ilipokuja, kwenye mstari wa kazi uliyofanya angani, nimeandika: Hakuna. Ningeandika vingine ningelazimika kumtaja mgonjwa. Nahodha alikuwa anaongoza, ametupa mgongo. Alisikia vishindo tu. Nilipomrudishia ile karatasi aliisoma, akanitazama mimi, akaisoma tena.

Usihuzunike. Nakiri, nilipopita ofisini nikaona zile beji kwenye kisanduku, zinang'aa, moyo ulinichoma kidogo. Kidogo tu. Sherehe ni tarehe sita, wanasema itaonyeshwa kwenye televisheni. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma na cheti changu na chai yangu, unitazame hapo.

Mama yako

24 Aprili

Mama,

Shikamoo. Chiriku amelala na kiatu kimoja mguuni. Tumeshukuru umerudi, nimelia, nimecheka, jirani akaja kuuliza kulikoni.

Halafu nikafika kwenye lile neno, "Hakuna". Mama! Nimekasirika siku mbili. Nimefunga mikate nikiwa nimeinunia, wateja wataona imebonyea. Sikuulizi mgonjwa ni nani. Lakini huwezi kuandika tu, "Nilimsaidia mtu"? Bila jina? Mlikuwa wanne humo nyuma, sawa, wangebahatisha. Ndiyo, naona. Wangebahatisha.

Basi. Nakujua, hutaandika. Ningekuwa mimi ningeandika, tena kwa herufi kubwa, ndiyo maana wewe uko wodini na mimi niko kwenye mikate.

Ila huyo mgonjwa, popote alipo, ana mdomo wake.

Mwanao

6 Mei

Mama, Mama yangu,

Chiriku ametoka kumwambia mteja wa kinyozi kwamba bibi yake anadaka matapishi angani. Mteja alikuwa ananyolewa ndevu, ikabidi kinyozi aondoe wembe kwanza ndipo mtu acheke. Shikamoo! Miguu haijambo? Mimi sijui kama nina miguu, nimekaa hapa kwenye benchi nje ya kinyozi, karatasi nimeilaza mapajani, mwandiko utanisamehe.

Tumeona yote. Kinyozi ndiye mwenye televisheni kubwa, tumejazana mpaka mlangoni, fundi wa tanuri naye na aproni yake. Tumekuona umekaa nyuma, kikombe mkononi, kama ulivyosema. Mwenyekiti wa kamati akasoma, akasoma, akamaliza. Abiria wanne, vyeti vinne, makofi. Mimi nikainamisha kichwa.

Ndipo yule bwana akasimama bila kuitwa. Nikajua ndiye kabla hajajitaja, maana sauti ilifika hadi barabarani.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "nyumbani nina kadi mia tano zimeandikwa mwanaanga. Kule juu nilitapika ndani ya kofia yangu, kioo kimefungwa. Nilikuwa nakufa maji kwenye kifungua kinywa changu mwenyewe."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nahodha mikono yake yote ilikuwa kazini. Maharusi wale walikuwa wanatazamana. Huyu mama alifungua mkanda wake, akanijia anaelea, akafungua kioo, akanitia kidole mdomoni akasafisha, akaniamrisha: 'Inama!' Niiname wapi? Chini hakuna! Akanikingia mfuko chini ya kidevu kama anavyowafanyia wagonjwa wake, vitu vikapaa kwenda juu. Akasema, 'Ala!' Akaugeuza mfuko, akavua kofia yake na kitambaa cha kichwa, akaanza kudaka tone moja moja kama mtu anayefukuza vipepeo. Huku amenishika ukosi nisiende. Huku ananiambia, 'Pumua baba, pumua, ndiyo hivyo.' Dakika zetu zote nne za kuelea. Dirisha lilikuwa nyuma ya mgongo wake."

Kinyozi akaongeza sauti ya televisheni, Mama.

"Wiki karibu tatu nimengoja amwambie mtu. Nilikuwa naogopa magazeti. Jana nikaomba nione fomu yake. Mimi yangu nimejaza ukurasa mzima, swichi ambazo sikuzigusa. Yeye ameandika neno moja. Nimeshindwa kulala."

Akakaa. Na wewe, Mama, nilikuona! Ulikuwa unamkunjia uso na kutikisa kichwa, kama unavyomkunjia mgonjwa aliyeamka kitandani bila ruhusa!

Kamati wakaingia chumba cha pembeni. Kinyozi akakataa kuendelea kunyoa, mteja nusu ana ndevu nusu hana, akasema na yeye hatoki. Walipotoka, mwenyekiti hakurudi kwenye kiti chake. Alikuja mpaka kule nyuma ulikokaa, ikabidi ukumbi mzima ugeuke. Nahodha akakubandika beji kwa mkono wake mwenyewe. Wakasimama wote. Mama, walisimama. Na hapa kinyozini tuliokuwa tumesimama tukakosa la kufanya, tukaruka. Fundi wa tanuri ananifuta machozi kwa aproni, nina unga mpaka kwenye kope.

Sasa nisikilize. Mwandishi wa habari akakusogezea kipaza sauti, akakuuliza, "Mama, kuanzia leo tukuiteje?" Ukaweka kikombe chini. Ukafungua mdomo. Na hapo hapo, sawasawa hapo, Chiriku akanivuta gauni, "Mama, choo." Si choo cha kungoja! Nikakimbia naye. Niliporudi wanatangaza hali ya hewa. Nauliza, ulisema nini? Kila mtu ananipa lake. Kinyozi anasema ulijibu kwa neno moja, mteja anasema maneno mawili, fundi wa tanuri anasema alikuwa analia hakusikia. Kwa hiyo Mama, hii barua yote ni kwa ajili ya swali hilo. Niandikie mwenyewe, kwa mkono wako, kama ulivyotamka, usipunguze na usi

Naitwa. Kinyozi anapiga kelele, "Mama Chiriku, kimbia, wanarudia! Ameshaweka kikombe chini, anafungua