Konokono wa Baba Walioliwa na Siki

Juu ya duka la kufulia,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Konokono wa Baba, yale magamba yake ya baharini, wameisha. Wameishia bakulini, jikoni kwangu, Jumanne asubuhi. Ningeanza na salamu, ningeishia kwenye salamu. Haya sasa, hujambo? Kifua kimepona? Mama mzima, ila magoti. Baba anatoka hospitali Ijumaa.

Mama anasema ulimwambia kwenye simu awaloweke kwenye siki wang'ae, Baba akirudi afurahi. Mdogo wangu, huu mwaka wa kumi na tisa nafua nguo za watu. Siki ndiyo natia kwenye tangi la pasi ya mvuke ili chokaa iyeyuke. Gamba la konokono ni nini kama si chokaa? Na simu uliyoipigia ilikuwa yangu! Ungeniuliza.

Walikuwa thelathini na wanane. Wamebaki wanne, wembamba kama ganda la kitunguu.

Unajua walivyopatikana. Baba akiwa mpishi kwenye meli ya uvuvi, wenzake waliosha tope la wavu likarudi baharini. Yeye alilipitisha kwenye chujio la chai. Kutoka mita mia sita chini anapata kitu kama punje ya mchele! "Msimdharau," alikuwa akituambia, "ana jino kama sindano, lina sumu. Humchoma mnyoo mpaka alegee, kisha humla mzima mzima." Ndipo mimi nikaitwa Sindano, na wewe, uliyelegea hata kabla ya kuchomwa, Mnyoo.

Mama hali chakula vizuri. Bakuli kalifunika kwa sahani, hataki limwagwe. Jana muuguzi kanipigia, mgonjwa anauliza kama konokono wake wanapanguswa vumbi. Nikajibu wanapanguswa. Uongo huo ni mzigo wako, nami si punda.

Barua hii naituma na dereva wa basi kwa kuwa simu zangu hupokei. Msalimie mkeo na yule binti wa mapengo. Mungu awalinde, na wewe akuongezee uti wa mgongo.

Najua unaye mmoja, yule mwekundu mwenye ncha ndefu, Baba alikupa ulipohama. Basi nijibu kwa neno moja: utakuja naye umwambie Baba mwenyewe, ndiyo au hapana? Mama hatatajwa. Ikifika Alhamisi saa sita mchana simu iko kimya, nitahesabu ni hapana, na Baba nitamwambia mimi, kwa jina lako.

Akupendaye hata akikasirika,
dada yako, Sindano.