Gia ya Meno Thelathini na Sita

Jumapili, alasiri. Joto limekaa juu ya mabati ya kambi tangu asubuhi. Mvua inanguruma huko Usambara, huku chini haishuki. Nimerudi kutoka sokoni Korogwe na sijagusa chakula. Mke wangu Mwanaidi ameniuliza mara moja nina nini, kisha akaniacha.

Wiki hii nimepongezwa mbele ya shamba zima la mkonge. Sina wa kumwambia kwamba zile pongezi si haki yangu.

Jumatatu korona ilisimama. Ndiyo mtambo wetu unaoparua majani ya mkonge ukatoa nyuzi za singa, na ukisimama, shamba lote limesimama. Gia inayovuta mnyororo wa kulisha majani ilipukutisha meno manne kwa mpigo mmoja. Stoo hakuna nyingine, na ya kuagiza Ulaya ingechukua miezi. Majani yaliyokwisha katwa yalikuwa yanakauka kwenye matroli. Meneja akaja karakana pamoja na katibu wa tawi la chama.

"Ndugu Salehe, wewe ndiye fundi mkuu," katibu akasema. "Nchi inajitegemea. Tuchongee."

Nikasema ndiyo, kana kwamba nimewahi kuchonga gia.

Sijawahi.

Kukereza chuma kikawa duara safi, hiyo kazi naiweza hata nikiwa na homa. Kukata meno ni jambo jingine. Ipo mashine yake, na juu yake kuna kichwa chenye bamba la matundu kinacholigawa duara sawasawa. Unazungusha mpini wake, unachomeka pini kwenye tundu, unakata jino, unazungusha tena. Gia hii ina meno thelathini na sita. Miaka ya nyuma nilichungulia fundi wangu akiikata, nikashika kichwani: mzunguko mmoja kamili, halafu matundu matatu. Hivyo ndivyo nilivyofanya Jumanne kutwa. Jino la mwisho likatoka bonge, nene zaidi ya mara tatu ya wenzake.

Chuma cha kufaa kikabaki kipande kimoja.

Huyo fundi wangu ni Mzee Gurdip, Singasinga aliyeongoza karakana tangu kabla shamba halijataifishwa. Nilisimama kushoto kwake miaka tisa. Alinifundisha kunoa kisu cha kukerezea na kupima hadi unene wa unywele. Hesabu za meno aliziandika kwenye kidaftari kwa herufi za kwao, akakitia mfukoni.

Miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa wafanyakazi, nilinyoosha mkono. Nilisema huyu bwana anatuficha kazi makusudi ili Mwafrika abaki kushika kopo la mafuta. Watu wakapiga makofi. Mwezi haukuisha, akaondolewa, nami nikapewa nafasi yake na nyumba yake yenye sakafu ya saruji.

Kidaftari kilikuwapo kweli. Lakini niseme ukweli, angalau humu ninamoandika. Siku ile sikuwa nawatetea Waafrika. Niliitaka ile nyumba.

Jumatano nilipanda lori hadi Korogwe. Gurdip siku hizi anatengeneza vyerehani barazani pa duka la nguo. Tangu mkutano ule, kila nilipomwona nilivuka barabara. Safari hii nilikwenda moja kwa moja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Alinitazama mikono kabla ya uso. "Kitu gani kimevunjika?"

Nikamweleza. Akaniuliza jino baya lilikuwa la kwanza au la mwisho. Nikasema la mwisho, nene. Akaokota chaki ya mshonaji, akachora matundu sakafuni.

"Hesabu matatu, nikuone."

Nikaweka kidole pale alipochora pini. Moja. Lililofuata, mbili. Lililofuata, tatu.

"Hapo ndipo ulipoharibu. Tundu ambalo pini imesimama halihesabiwi. Unaanzia tundu linalofuata."

Ni hilo tu. Siri niliyomsimanga nayo mbele ya watu mia, mtoto wa darasa la pili angeielewa.

Nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini hakuniambia miaka yote ile.

"Uliniuliza likizo, uliniuliza sabuni, uliniuliza viatu," akasema. "Meno hukuniuliza hata siku moja." Akapangusa chaki vidoleni. "Na mimi sikutaka uniulize. Niliogopa ukishajua wataniondoa. Sasa niliondolewa na hukujua. Wote wawili wajinga."

Akanionyesha hesabu yote toka mwanzo, ili niweze hata gia ya meno mengine. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono.

"Sitaki kitu, Salehe. Ila siku ile ulisimama mbele ya watu ukanisema. Simama tena."

Nikamwambia nitasimama. Nilimaanisha kabisa.

Alhamisi nilikata gia. Jino la thelathini na sita likaingia mahali pake kama mwenzake wa kwanza. Ijumaa asubuhi tuliifunga, korona ikaanza kunguruma, na akina mama wanaoanika singa wakapiga vigelegele. Jioni katibu akaitisha mkutano.

"Walituambia Mwafrika hawezi kukata gia!" akasema. "Mtazameni huyu. Hakufundishwa na bepari yeyote. Ndugu Salehe, sema neno."

Nilisimama. Watu wale wale, uwanja ule ule. Nilikuwa nimepanga sentensi tatu. Nikaangalia uso wa katibu, nikaiwazia ile nyumba, nikasema, "Ndugu zangu, tumefanya kwa ushirikiano."

Wakashangilia. Neno ushirikiano nililichagua nijidanganye kwamba Gurdip yumo ndani yake.

Hakuwamo.

Leo nimekwenda sokoni, na nimejilazimisha kupita barazani kwake. Alikuwa ameinamia cherehani cha mama mmoja aliyekaa pembeni akisubiri.

"Gia inazunguka?" akaniuliza.

"Inazunguka, fundi."

"Haigongi?"

"Haigongi."

"Vizuri."

Hakuuliza la mkutano. Yule mama ndiye aliyenitambua. "Kumbe wewe ndiye Ndugu Salehe! Habari zako zimefika mpaka Segera. Hongera, baba. Ulijifunza wapi kazi ngumu namna hiyo?"

Safari hii hapakuwa na katibu, wala meneja, wala umati. Alikuwapo mama mmoja na cherehani chake. Gurdip alikuwa ameshika kopo la mafuta, mkono umesimama hewani.

"Karakana," nikasema. "Nilijifunza mwenyewe, hapo hapo karakana."

Akatia tone la mafuta. Akamwambia yule mama cherehani chake kitakuwa tayari keshokutwa, na akaniomba nisogee kidogo, namzibia mwanga.

Nikasogea.

Mwisho wa mwezi kuna mkutano mwingine. Nimeandika hapa kwamba nitasimama na kulitaja jina lake. Nimekisoma nilichoandika mara mbili, na sijiamini.