Mlio Unaotembea Ndani ya Landrova

Usagara, 6 Februari 2023

Kwa Shangazi Modesta,

Shikamoo. Habari za Kamanga, na miguu je? Huku kwako wote wazima, hata yule kuku mwizi. Simu nimeacha kupiga, maana tangu masikio yagome unaitikia "eeh, eeh" kumbe husikii kitu. Macho yapo, basi soma. Shigela wa dagaa atavuka ziwa na barua hii.

Dada Hellen kasema Landrova yako anaitafutia mnunuzi, na wewe mama yake umekubali. Umekubali vipi? Wewe uliyebeba pamba na wajawazito mpaka Misungwi nzima ikakujua kwa moshi wako?

Sasa sikia. Nimeiwasha. Mimi niliyeishia darasa la sita kwa sababu walimu walichoka mapema. Nimeipeleka hadi njia panda, watu wakasimama kutazama. Inalia kidogo tu. Nikimaliza nakuja kukurudisha nyumbani kwako.

Mwanao,
Fundi Mkuu Masele


Kamanga, 11 Februari

Mwanangu Masele,

Marahaba. Sijambo, ila miguu inavimba kwa kukaa. Hellen ananilisha, ananimwagia maneno, ananihamisha kivulini kama mche wa kabichi.

"Inalia kidogo" ndiyo nini? Inalia ukiachia klachi, au mwendoni? Inafuata kasi ya injini, au ya magurudumu? Toa gia mteremkoni usikilize.

Kuuza nimekubali mwenyewe. Gari ni masikio, na yangu hayapo. Nirudi huko niitazame imekaa uani, nami nimekaa? Niandikie huo mlio kwanza, halafu muache mnunuzi aje.

Shangazi yako


Usagara, 19 Februari

Shangazi, shikamoo tena, na pole ya kuwa kabichi.

Mlio ni "chiri-chiri-chiri", kama kifaranga aliyekaliwa. Nikitoa gia haunyamazi, unafuata magurudumu. Nikiachia klachi, "kok". Mimi nasema difu, jirani Odongo anasema mapepo. Chagua mjuzi.

Mwanao,
Fundi Mkuu


Kamanga, 25 Februari

Wewe Masele,

Marahaba. Wote wajinga. Hiyo ni jointi ya propela, imekauka grisi. Weka mawe kwenye magurudumu kabla hujaingia chini, sitaki kuja kukuzika. Shika propela, lile bomba refu linalozunguka chini ya gari, uitikise. Ikicheza, badilisha jointi.

Shangazi yako


Usagara, 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umelala salama? Mimi silali, nawaza. Jointi nimebadilisha, kifaranga kanyamaza, Odongo kanikopesha heshima. Lakini sasa, kwa kuwa yule kanyamaza, nasikia mlio mwingine.

Nikipanda kilima: "girr-r-r... to", kutoka mbele kwenda nyuma. Nikikanyaga breki: "girr-r-r... to", kutoka nyuma kuja mbele. Unatembea, Shangazi. Kama kuna mpangaji humo ndani. Nimeshika beringi, springi, tanki, hata chini ya kiti. Sioni mtu.

Jana Hellen alikuja na mnunuzi. Kalizunguka gari akipiga matairi mateke, kasema atalichukua Jumamosi ya tarehe 18. Nijibu haraka, nisije nikauza gari lenye siri.

Mwanao,
Fundi Masele


Kamanga, 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nafikiri. Mlio unaotembea. Miaka yote ndani ya gari hilo sijakutana nao. Nimekula nao, nimelala nao, Hellen kaniuliza nacheka na nani.

Juzi nilipita kwenye mashine ya kusaga hapa jirani, nikaweka kiganja ukutani. Nikamwambia mwenye mashine, mkanda wako umelegea. Kaangalia, kweli umelegea. Nimesimama pale kama mwizi, mkono ukutani, mpaka Hellen akanifuata.

Mwambie mnunuzi asije. Na Hellen nimemwambia, kanuna. Ijumaa navuka na kivuko cha asubuhi. Usiuguse mlio huo, Masele. Nataka niuwinde mwenyewe, kwa viganja na nyayo. Ukiukamata kabla yangu, usinipikie hata chai.

Shangazi yako


Usagara, 14 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na popote ulipo simama unipigie makofi. Hukujibu, nimejijibu. Mpangaji nimemtoa. Ni nati, kubwa kama kidole gumba chako, ilikuwa ndani ya chesesi. Lile boriti la chuma lina uwazi, basi yeye anabingirika humo anavyotaka. Niliinua gari nyuma kwa jeki, nati ikashuka mbele, nikaivuta kwa sumaku kupitia tundu. Gari sasa liko kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Watu kama mimi walitakiwa wafundishe chuoni. Nimeizungushia nati uzi, nitaivaa shingoni, na kila atakayeuliza

*Hii haikwenda. Shigela kanikuta naiandika, akanipa yako ya tarehe 13. Nimeisoma mara mbili, nikaikata nati ile uzi, nikaingia nayo tena chini ya gari.*


Usagara, 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua imefika. Mnunuzi nimempigia simu, katukana kidogo, yamekwisha.

Mlio upo pale pale. "Girr-r-r... to." Nimeujaribu asubuhi hii kilimani, hauna wasiwasi wowote. Nimelala chini ya gari mpaka mgongo umechubuka, na nimeushindwa. Naandika tena usije ukadhani umesoma vibaya: mimi Masele nimeushindwa. Usimwonyeshe mtu karatasi hii.

Ijumaa nitakusubiri upande wa Mwanza. Njoo na viatu vinavyovulika upesi. Sakafu ya gari nimeisugua kwa sabuni.

Mwanao,
Masele